Tulimfungia ndani aache gongo, siku ya tatu akaona dagaa ukutani

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, wote wamelala isipokuwa yeye. Namsikia anazunguka uani, anakwenda mpaka mlangoni anarudi. Nina miaka 31 na watoto wawili, nakaa kwa mama hapa Ujiji tangu nilipoachika, na nauza mawese soko la Mwanga. Ninayekuandikia habari zake ni mdogo wangu niliyemwachia ziwa. Ana miaka 28, mvuvi wa dagaa pale Kibirizi tangu akiwa na miaka 17.

Nyumba yetu haikuijua pombe. Marehemu baba alikuwa akisomesha madrasa, hadi leo watu wakielekezana huku kwetu wanasema "kwa mwalimu". Mdogo wangu alianza na viroba. Enzi zile wavuvi wengi walikuwa navyo mfukoni, wakisema vinakata baridi ya ziwani usiku. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 mama alifurahi mno, akaona sasa mtoto wake amepona. Haukupita muda akahamia gongo. Mwanzoni ilikuwa kipindi cha mbalamwezi tu. Unajua mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, vyombo vinakaa ufukweni, na wanaume wana mgao mfukoni na hawana kazi. Halafu akawa anakunywa hata giza likirudi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, toka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, akakaa miezi mitatu bila kazi, na hapo ndipo alipoanza kunywa toka alfajiri. Sasa asipokunywa mikono inamtetemeka, kikombe cha chai kinamshinda, seuze kushona wavu. Bangi nayo anavuta, anasema inamsaidia kukesha.

Si mtu mbaya, Shangazi. Mume wangu aliponirudisha kwa mama na watoto, ni yeye aliyekuja kubeba vitu vyangu, na mwezi mzima alituletea migebuka kila akitoka ziwani bila kusema neno.

Wiki nne zilizopita mjomba alikuja kutoka Kasulu. Akasema gongo ni ukaidi tu, mfungieni siku tatu atatoka mwanamume. Tukamfungia. Siku ya kwanza alitutukana. Siku ya pili akaanza kutoka jasho na kutapika, kitanda kikawa kinagonga ukuta kwa anavyotetemeka. Usiku ule akaanguka, macho yakageuka, akakakamaa na mapovu mdomoni. Kwetu hakuna mwenye kifafa. Siku ya tatu akawa anaona dagaa wanatambaa ukutani, anamwita nahodha wake wavute wavu, mara anaongea na baba. Jirani mmoja akasema ni jini la ziwani. Mwingine akasema amerogwa na wenzake wa chomboni. Mganga akaitwa, akachukua elfu 80. Hata hajamaliza shughuli yake, mzee mmoja mnywaji wa mtaani akamwambia mama, "Mpe kikombe kimoja azimue." Mama akampa. Haikufika saa moja, akatulia.

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Tangu siku ile mama anampa kikombe kila asubuhi, kwenye bilauri ya uji ili watu wasijue, anasema ndiyo dawa yake. Na juzi nimegundua anayetumwa kwenda kuichukua ni mwanangu wa miaka 11, na chupa ya maji ya plastiki, kwa sababu mama anaona aibu kuonekana kwa muuzaji.

Madeni yake nimelipa mara tatu. La mwisho lilikuwa elfu 65, na huo ulikuwa mtaji wangu wa mawese. Bosi wake nimempigia nikamwambia mdogo wangu ana homa, sijui mara ngapi.

Sasa kila mtu ana lake. Mjomba anasema tumfungie tena, safari hii siku saba na mnyororo. Rafiki yangu sokoni anajua mtu anayeuza unga wa kumtilia kwenye chakula bila yeye kujua, akinywa pombe tu anatapika. Mwingine anasema Dar kuna dawa ya kunywa kila siku pale Muhimbili, mateja wanapona. Mama anasema tumwachie Mungu. Na yeye mwenyewe aliniambia asubuhi moja, "Dada, nimechoka, lakini nikiacha nakufa, si uliona mwenyewe?"

Nifanye nini Shangazi? Nimfukuze? Na kwa nini iwe nyumba yetu, nyumba ya mwalimu?

Dada wa Ujiji


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwa dagaa wa ukutani nasimama. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa reli Tabora. Alianza na wanzuki, kama wengi wa kule kwenye asali, akaishia kwenye gongo. Nasi tulikaa kikao cha ukoo, nasi tulimfungia chumba cha uani, na tulifanya hivyo kwa kumpenda. Usiku wa pili alipiga kelele sana. Wa tatu akanyamaza, tukasema afadhali, amelala. Tulipofungua mlango alfajiri alikuwa amepoa. Tulimzika tukisema pombe imemuua. Miaka mingi ilipita ndipo nikamsimulia daktari mmoja, akakaa kimya kwanza, kisha akaniambia: mtu wa namna ile akikatishwa pombe ghafla bila tiba, kule kukatishwa ndiko kunakomuua.

Kwa hiyo kabla ya lingine lolote: mlango ule usifungwe tena. Mjomba mwambie hivyo kwa heshima zote, na akikataa mwambie Shangazi amezika.

Nikueleze kilichotokea, maana nyumba ikikijua haitatafuta mchawi. Mtu akinywa kila siku, toka asubuhi, kwa miezi na miaka, pombe inamzubaisha ubongo, na ubongo nao unajitahidi kubaki macho kwa kusukuma kwa nguvu upande wa pili. Umewaona wanaume wa Kibirizi wanavyosukuma mtumbwi ulionasa mchangani, wameuegemea kwa mwili mzima. Mtumbwi ukichomoka ghafla ukaingia majini, aliyeegemea anaanguka kifudifudi. Ndivyo ubongo wa mdogo wako ulivyoanguka. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho huanza kutetemeka, jasho, kutapika, moyo kwenda mbio. Kuanguka na kukakamaa mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kisha, kwa wachache, siku ya tatu hivi, akili inavurugika: anaona wadudu, anasikia watu, hajui yuko wapi, mwili unawaka moto. Hali hiyo ya mwisho ni ya dharura kama kujifungua kulikokwama. Mdogo wako alipita zote tatu, kwa mpangilio wake kabisa, na akatoka hai. Mshukuru Mungu kwa hilo.

Hali ya kukatishwa hivyo mateja wanaiita arosto. Wao ya unga inawatesa vibaya, lakini mara nyingi haiwaui wakiwa na afya nyingine nzuri. Ya pombe inaua. Watu hudhani ni kinyume, kwa kuwa pombe inauzwa dukani na unga unauzwa kwa kificho.

Na ndiyo maana kikombe cha yule mzee kilimtuliza. Ule mtumbwi ulirudishwa pale pale, akapata pa kuegemea. Mama yako hakufanya upumbavu, na naomba umwambie hivyo, maana najua analia peke yake. Siku ile huenda kikombe kile ndicho kilichomwokoa. Lakini kumwita mdogo wako mgonjwa wa jini aliyepata dawa yake, hapana. Kila bilauri ya asubuhi inaunasisha mtumbwi zaidi mchangani.

Sikuzuii kumsomea dua. Msomeeni. Mtoto wa mwalimu asipoombewa na mama yake aombewe na nani? Lakini elfu 80 nyingine isitoke kwa mganga, na asibaki nyumbani mganga akiwa anamalizia.

Mpeleke Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wenu. Kama kuna kituo cha afya karibu mnakozoea, anzia hapo, lakini ukiambiwa tu "aache pombe" ukapewa panadoli, usirudi nyumbani, nenda Maweni. Nenda mchana, siku ya kazi, na mtu mwingine mwenye nguvu wa kukusaidia njiani. Ukifika sema habari zenyewe bila kuzipunguza, na usiseme homa: anakunywa gongo kila siku toka asubuhi, vikombe vingapi, tangu lini, amekunywa mara ya mwisho saa ngapi, alipokatishwa alianguka akakakamaa usiku wa pili, na siku ya tatu akaona visivyokuwepo. Hayo mawili ya mwisho yaseme hata kama hujaulizwa. Mtu aliyewahi kuanguka hivyo huachishwa pombe akiwa amelazwa, macho ya wauguzi yakiwa juu yake. Uliza kuhusu huduma ya afya ya akili. Neno hilo lisikutishe. Wanaotibu uraibu ndio hao, na hakuna aliyesema mdogo wako kichaa.

Bangi pia itaje. Najua unaogopa, kwa kuwa bangi ni kosa kisheria. Daktari anaihitaji habari hiyo atibu vizuri. Bangi nayo humfanya mtu asikie sauti na kuwashuku watu, hasa kijana aliyeanza mapema na anayevuta sana, na pombe ikishatoka mwilini daktari atataka kujua sauti zilizobaki ni za nini.

Atakachofanyiwa si kigumu kukieleza. Atapewa dawa za kutuliza ubongo, za jamii ya diazepamu, kipimo kikubwa mwanzoni kisha kinapunguzwa siku hadi siku, kwa kawaida kama wiki moja hivi. Yaani mtumbwi unasogezwa taratibu, haushtuliwi. Atapewa pia vitamini B1, inaitwa thiamini, kwa sababu mnywaji wa kudumu huishiwa nayo, na upungufu wake unaweza kuharibu macho, mwendo na kumbukumbu moja kwa moja. Nakuomba sana, mtu asije akakuuzia diazepamu dukani ukampe mwenyewe nyumbani. Ikikutana na gongo tumboni, anaweza kulala akasahau kupumua.

Hizi siku chache kabla hamjaenda, msimnyang'anye ghafla. Simaanishi mumnunulie, namaanisha msirudie lile la mjomba. Na siku hizo ziwe chache kweli. Zisigeuke mwezi mwingine.

Kuna hatari nyingine ambayo hukuiuliza na mimi siwezi kuipita. Gongo haina kipimo. Pika ya leo si pika ya jana, na wapo wanaochanganya na spiriti ya viwandani, methanoli, ambayo kwa ulimi huwezi kuitofautisha. Wanywaji wanapenda kuwasha kiberiti, wakiona moto wa buluu wanasema hii safi. Methanoli nayo inawaka buluu, kwa hiyo jaribio hilo halina maana yoyote. Aliyeinywa anaweza kulala vizuri, na kesho yake, pengine baada ya saa 12 au 24, ndipo anasema anaona ukungu, kichwa kinapasuka, tumbo linakata, anahema haraka. Wengine wanapofuka. Siku ukiyaona hayo, kwake au kwa yeyote pale Kibirizi, ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na chupa iliyobaki ibebeni mkamwonyeshe daktari.

Sasa huu unga wa rafiki yako wa sokoni. Dawa ya kumfanya mnywaji atapike akinywa ipo kweli hospitalini. Inaitwa disulfiramu, na hupewa mtu aliyekwisha kuacha, anayejua anameza nini, aliyekubali, na aliyepimwa kwanza ini na moyo. Mtu huyo akinywa pombe uso unawaka, moyo unadunda, presha inashuka, na inaweza kumuua. Fikiria sasa unamtilia kwenye ugali mtu anayekunywa tangu alfajiri bila kujua. Na huo wa sokoni hata hatujui kama ni wenyewe au ni kitu gani. Achana nao. Kuna na jambo jingine: kijana akija kugundua kwamba dada yake alimtilia kitu kwenye chakula, hatakula tena kwako, na wewe ndiye mtu pekee aliyemwambia "nimechoka".

Dawa ya Muhimbili ni methadoni. Ilianza kutolewa pale mwaka 2011, na tangu hapo imefika mikoa kadhaa, na imewaokoa vijana wengi sana. Lakini ni ya watumiaji wa heroini na jamaa zake tu. Kwa gongo na bangi haifanyi kazi, kwa hiyo usikope nauli ya Dar kwa ajili hiyo.

Zipo nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi wanaziita soba hausi. Zile nzuri zinasaidia sana baada ya hospitali, kwa sababu kijana anakaa miezi kadhaa mbali na kijiwe, na watu waliopita alikopita. Nyingine mtu anafungwa minyororo na kuchapwa. Kabla hujatoa hata shilingi, piga namba 119, ni bure, ni ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uwaulize nyumba gani inatambulika. Ukifika huko uliza wanamfanyaje mtu anayetetemeka siku ya pili. Wakikuambia wanamfungia, mshike mkono mwondoke. Na ikiwa Maweni wataona anahitaji zaidi, wanaweza kumwandikia rufaa hadi Mirembe, Dodoma, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Treni ya kutoka kwenu inapita huko huko.

Mwanangu, sasa tuzungumze habari za mtoto wa miaka 11.

Hapa sitapunguza sauti. Mtoto huyo amefundishwa mambo matatu kwa safari moja. Amejua nyumba ya gongo ilipo na mwenye nyumba anamjua kwa jina. Amejua kwamba bibi, anayeswali na kuheshimiwa, anaona aibu ya kwenda mwenyewe lakini haoni vibaya kumtuma yeye. Na amejua kwamba mjomba wake akipewa ile chupa anatulia, yaani mtu mzima akiwa na shida, utulivu unatoka ndani ya chupa. Siku moja njiani atafungua kifuniko aonje. Labda alishaonja. Watoto wanaoanza kunywa kabla ya miaka 15 ndio walio hatarini zaidi kunaswa ukubwani, ubongo wao bado unajengwa. Kaa naye kesho, wewe na yeye tu, usimkaripie. Mwambie: "Ulitumwa, hukukosea. Hutatumwa tena. Ukitumwa na mtu yeyote, hata bibi, uje uniambie." Muulize kama aliwahi kuionja, na akisema ndiyo usimpige. Kisha mwambie mjomba wake anaumwa nini, kwa maneno ya mtoto. Amemwona anakakamaa, na mtoto akiachwa bila maelezo hujitungia ya kwake, ya usiku, yenye majini.

Halafu madeni. Najua ulilipa ili asipigwe. Elfu 65, mtaji wa mawese, pesa ya daftari za watoto wako. Muuzaji ameshajua mlango unaolipa, ndiyo maana anaendelea kumkopesha. Nenda ukamwambie uso kwa uso, na shahidi mmoja: lililokwisha limekwisha, kuanzia leo ukimkopesha umekopesha ziwa. Na lile la kumpigia bosi simu ya homa liishe. Ukweli mnyoofu ni bora, tena unamlinda: mtu aliyeanguka na kukakamaa chumbani anaweza kuanguka vilevile chomboni usiku katikati ya ziwa, na Tanganyika wewe unaijua kina chake. Asirudi ziwani mpaka daktari aseme. Nahodha mwenye utu atakuelewa. Asiye na utu, afadhali amkose.

Mbalamwezi ikiwa imebakiza siku chache, itumieni; ikiwa mbali, msiisubiri. Mapumziko yakianza, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo ya kwanza, kabla mgao haujafika kwa muuzaji. Hatapoteza usiku wa kazi, na zile siku alizokuwa akilewa zitakuwa siku za kulazwa. Lakini ile mbalamwezi inayofuata, akiwa ametoka, ndiyo itakayomjaribu vibaya kuliko zote. Atakuwa mzima, ana nguvu, hana kazi, na wenzake wako pale pale mchangani wanamwita. Ipangieni mapema. Apelekwe kwa ndugu asiyekaa karibu na mwalo, au aje abebe madumu yako ya mawese Mwanga, alale saa za watu. Mgao wake, akikubali mwenyewe, upokewe nawe na uandikwe kwenye daftari analoliona. Neno "akikubali" ni muhimu. Ukimnyang'anya pesa yake atajiona mtoto, na atakunywa kwa hasira.

Akiteleza, na wengi huteleza, mrudisheni hospitali mapema kabla hajafikia kunywa asubuhi hadi usiku. Msimwite mwongo. Mgonjwa wa kisukari akila keki tunamrudisha kliniki, hatumkani.

Uliuliza kwa nini iwe nyumba ya mwalimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 400 duniani walikuwa na tatizo la pombe, na milioni 209 kati yao walikuwa wamenaswa kama mdogo wako. Mwaka huo huo pombe ilihusika na vifo milioni 2.6. Katika watu wote hao mna watoto wa mapadri, wa masheikhe, wa madaktari. Baba yako hakukosea malezi. Mtoto wake aliingia kazi ya usiku kwenye baridi akiwa na miaka 17, akapewa kiroba na wakubwa wake, na hakuna mtu mzima hata mmoja pale ufukweni aliyemzuia. Kama kuna wa kuona aibu, ni hao kwanza. Na aibu yenu ndiyo iliyoiingiza gongo kwenye bilauri ya uji na kumpeleka mtoto kwa muuzaji, kwa hiyo ianze kupunguzwa: mwambie mtu mmoja nje ya nyumba, imamu wa msikiti wenu kwa mfano, aliyemjua baba. Mwombe aje akae na mjomba.

Nimfukuze? Sasa hivi, hapana. Hajakupiga, hajawapiga watoto, na amekwisha kukuambia amechoka. Siku akiinua mkono, hapo ulinzi wa watoto unatangulia. Ondoka nao au aondoke yeye, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Lakini kwa barua hii, simwoni mtu huyo. Namwona anayeogopa kufa, na hofu yake ina ukweli ndani yake, kwa sababu aliyaona.

Jambo la mama nimelibakiza kwa makusudi, maana ndilo gumu. Usimwambie mbele ya mjomba. Mkiwa jikoni, mkianika dagaa au mkichambua mchele, mwambie, "Mama, kile kikombe ulichompa siku ile kilimsaidia. Sasa kuna dawa ya kumtuliza isiyo gongo, inatolewa Maweni, na nataka tuende wote." Akikataa, nenda bila yeye. Atakuja siku ya pili na chakula, wamama ndivyo walivyo.

Na yeye mwenyewe umwendee alfajiri, ile saa mikono inatetemeka na hajapata kikombe. Mlevi wa jioni huwezi kuongea naye. Kaa chini kwenye mkeka, usisimame juu yake. Mwambie: "Ulisema ukiacha utakufa. Ni kweli, kwa ile njia yetu ungekufa, na nakuomba radhi tulikufungia. Kuna njia ya kuachishwa na dawa, kitandani, na mimi nitakaa nawe mpaka zile siku tatu zipite." Kisha unyamaze. Usijaze kimya kwa mawaidha. Akisema leo siwezi, muulize ni lini, na akitaja siku iandike kwenye daftari lako la mawese, mbele yake.

Hizo siku tatu usikae peke yako. Mpangiane zamu na mama na yule rafiki yako wa sokoni, ulale nyumbani angalau usiku mmoja, ule, uwaone watoto. Chukua kanga mbili, sabuni na chupa kubwa ya maji, maana atatoka jasho sana. Ukitoka huko niandikie, niambie kama kikombe cha chai anakishika.

Shangazi